Tumbo la Punda: Kuziba na Kusokotana kwa Utumbo

Punda ni mtumishi wa nyumba nyingi za wakulima. Huleta maji kutoka mtoni, hupeleka mahindi mashineni, huchukua samadi shambani na mazao sokoni. Siku asipoweza kusimama, mizigo yote hurudi vichwani na migongoni mwa watu wa nyumba, hasa wanawake na watoto. Kwa hiyo kifo cha punda si kufa kwa mnyama mmoja tu, bali ni kupungua kwa mapato ya nyumba nzima.

Miongoni mwa mambo yawezayo kumwua punda upesi ni utumbo kuziba au kujisokota. Ugonjwa huu si wa kuambukiza wala hauletwi na husuda ya jirani. Una sababu zake, na nyingi katika hizo zaweza kuzuiliwa na mwenye punda mwenyewe. Lakini ukiisha kuanza, saa chache zaweza kuwa tofauti baina ya kupona na kufa. Karatasi hii yaeleza sababu hizo, dalili zake, na mambo yampasayo mkulima kuyafanya.

JINSI TUMBO LA PUNDA LILIVYO

Mkulima aliyezoea ng'ombe asidhani kwamba tumbo la punda ni kama la ng'ombe. Ng'ombe hucheua, jani lisilotafunwa vema hurudi kinywani likatafunwa tena. Punda hacheui. Alichokitafuna mara moja hushuka katika tumbo dogo, kisha hupita katika utumbo mwembamba ulio mrefu sana, mpaka utumbo mpana, ambao ni kama pipa kubwa la kuchachushia majani. Tena punda hawezi kutapika, kwa maana mlango wa juu wa tumbo lake hukazwa sana, hata kilichoingia hakipati njia ya kurudi.

Utumbo huo haukutulia mahali pamoja. Sehemu zake nyingi huning'inia kwa utando mwembamba wenye mishipa ya damu, nazo huweza kusogea huku na huku. Utumbo mpana nao, ukifika karibu na nyonga, hupinda kwa kona kali, na hapo hapo upana wake hupungua. Majani makavu yasiyotafunwa vema mara nyingi hukwama katika kona hiyo.

KUZIBA SI SAWA NA KUSOKOTANA

Kuziba ni kama mfereji wa shamba uliojaa matope na majani. Njia imefungwa, lakini kingo za mfereji bado ni nzima. Vivyo hivyo utumbo uliozibwa na chakula kikavu bado hupata damu yake; kikilainishwa mapema, huenda kikapita, na mnyama akapona.

Kusokotana ni kama nguo inayokamuliwa. Utumbo huzunguka pamoja na mishipa yake. Mishipa irudishayo damu ina kuta laini, nayo hubanwa kwanza. Ile iletayo damu ina nguvu zaidi, huendelea kuileta. Basi damu yaingia wala haitoki. Utumbo huvimba, huwa mweusi, na baada ya saa chache huanza kufa, na sumu yake huingia katika mwili wote. Hapo hakuna dawa ya kunywa iwezayo kuufungua. Dawa ya kuharisha haifungui fundo. Huongeza maumivu na kupoteza wakati.

Iko namna ya tatu, ambayo kipande cha utumbo huingia ndani ya kipande kingine, kama mkono wa kanzu unaojipindua ndani. Hiyo nayo ni hatari kama kusokotana.

SABABU ZAKE

Kiu. Punda huvumilia kiu kuliko wanyama wengi, naye huendelea kula hata akikosa maji. Uvumilivu huo ndio unaowadanganya watu. Mwili hufyonza maji yaliyomo ndani ya utumbo, na chakula kilichobaki hukauka na kushikamana. Tena punda huchagua maji. Yakiwa machafu au yenye harufu, huenda akayakataa.

Meno mabovu. Meno ya punda huzidi kutoka ufizini miaka mingi huku yakisagika kwa kutafuna. Yasiposagika sawasawa, huwa na makali yanayokata ulimi na mashavu. Punda mzee huweza kung'oka meno. Mnyama wa namna hii humeza majani nusu yametafunwa.

Chakula kikavu mno, au kubadilishwa ghafula. Mabua ya mahindi na majani yaliyokomaa, yakiliwa peke yake bila maji ya kutosha, huziba upesi. Nafaka nyingi zikitolewa kwa ghafula huchacha na kuleta hewa. Utumbo uliojaa hewa huelea na kuondoka mahali pake, na hivyo aweza kuanza msokoto.

Plastiki na kamba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo mwaka 2019. Hata hivyo plastiki haiozi upesi, na mabaki yake, pamoja na nyuzi za magunia na vipande vya kamba, yangali yakionekana majalalani na kando ya masoko. Punda mwenye njaa huyala pamoja na maganda na mabaki ya chakula. Hayasagiki wala hayayeyuki tumboni.

Mchanga. Mahali penye mchanga mwingi, kama katika sehemu za pwani, punda anayelishwa chini humeza mchanga pamoja na chakula. Mchanga ni mzito. Hukaa chini ya utumbo na kurundikana.

Minyoo. Minyoo mikubwa ya mviringo huweza kuuziba utumbo mwembamba wa mwana-punda. Tegu za punda hudhuru mahali utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana, na huweza kuleta kule kuingiana tulikokutaja.

Uzee. Katika punda wazee huota pengine vivimbe vya mafuta vyenye kikonyo kirefu. Kikonyo hicho huuzungukia utumbo na kuukaba kama kamba.

DALILI

Hapa wengi hukosea. Farasi mwenye maumivu ya tumbo hugaagaa, hupiga teke tumbo lake, na kila mtu humwona. Punda huyaficha maumivu. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kunyamaza: husimama peke yake, kichwa chini, masikio yamelegea, hataki kula wala hataki kwenda. Mwenyewe husema, "Leo amekuwa mvivu," akachukua fimbo. Punda aliyekuwa akila vema jana na leo hataki chakula si mvivu. Ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Tazama na dalili hizi:

1. Mavi ni machache, makavu, madogo, yenye utelezi, au hayapo kabisa.

2. Hugeuza kichwa kulitazama tumbo, hulala na kuinuka mara kwa mara, au hutokwa na jasho bila kazi. Punda akigaagaa kwa maumivu, jua ya kuwa maumivu yake ni makali mno.

3. Moyo waenda mbio. Weka vidole juu ya mshipa upitao chini ya taya, uhesabu kwa dakika moja. Punda mzima aliyetulia hupata kama mapigo 44. Yakizidi 70 hali amesimama kwa utulivu, hatari ni kubwa.

4. Ufizi umebadilika. Ufizi mzuri ni wa waridi na una unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole, rangi yapasa kurudi kwa muda wa sekunde 2. Ufizi mkavu, mwekundu mno au wa zambarau ni dalili mbaya.

Tena huenda maumivu makali yakatulia ghafula, mwenye punda akafurahi, kumbe utumbo umekwisha kufa. Ikiwa maumivu yamekoma lakini moyo waenda mbio na ufizi ni mweusi-mweusi, huko si kupona.

WAKULIMA WAWILI

Tuseme wako wakulima wawili, kila mmoja ana punda aliyekataa chakula alfajiri. Wa kwanza alimfunga punda wake mkokoteni akampeleka kwenye maji. Saa sita mchana punda alilala njiani. Mwenyewe alichanganya mafuta na magadi ndani ya chupa, akamwinua kichwa na kummiminia kooni, kama alivyozoea kumfanyia ng'ombe. Nusu ya dawa iliingia mapafuni. Daktari alipoitwa kesho yake alikuta magonjwa mawili, la tumbo na la mapafu, na hakuna alilopata kuokoa.

Wa pili alitazama mavi ya usiku, akaona vidonge vitatu tu vikavu. Alimwondolea chakula, akampa maji, akampelekea daktari habari kabla ya jua kupanda. Daktari alikuta utumbo umeziba karibu na nyonga, akaulainisha. Siku ya tatu punda alikuwa akila majani mabichi. Tofauti ya wakulima hao haikuwa mali. Ilikuwa ni kutazama mapema na kutotia chupa kinywani.

YAMPASAYO MKULIMA KUFANYA

Mwite Daktari wa Mifugo mara moja, au ofisa wa mifugo wa mahali pako, umweleze ni tangu saa ngapi, amekula nini, na lini alitoa mavi mara ya mwisho. Mwondolee punda chakula chote, lakini mwachie maji safi. Mweke kivulini penye ardhi laini. Usimtenge na mwenzake aliyezoeana naye, kwa maana punda aliyetengwa huhangaika na kuzidi kudhoofika. Waweza kumwongoza polepole kwa dakika chache. Usimkimbize wala kumchosha.

Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa. Usimpe dawa ya kuharisha. Usitie mkono wala fimbo nyuma yake. Usimchome moto tumboni wala kumtoa damu. Mambo haya hayafungui utumbo.

MATIBABU YA DAKTARI

Daktari hutoa dawa ya kutuliza maumivu, hupima kwa mkono kwa njia ya nyuma, na ikiwa ni kuziba, hupitisha mpira puani mpaka tumboni na kutia maji yenye chumvi au mafuta maalumu. Pengine hutia maji katika mshipa wa damu. Hafanyi haraka kumlisha tena, lakini pia hamwachi na njaa siku nyingi, kwa sababu punda asiyekula, hasa aliye mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwili wake huyeyuka na kujaa katika damu, na jambo hilo lenyewe laweza kumwua.

Ikiwa utumbo umesokotana, tiba ni kupasuliwa tu, na upasuaji wa namna hiyo haupatikani katika vijiji vingi. Hapo daktari atakushauri mnyama apumzishwe kwa njia ya huruma. Shauri hilo ni zito, lakini kumwacha afe kwa maumivu hakuna faida kwa mtu wala kwa mnyama. Tena punda aliyekufa ghafula asipasuliwe na mwenyewe, kwa kuwa kimeta nacho huua ghafula na humwambukiza mtu.

NAMNA YA KUZUIA

Mpe maji safi kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada yake. Punda afanyaye kazi mahali pa joto aweza kuhitaji debe moja zima kwa siku, au zaidi. Meno yake yatazamwe na mjuzi kila mwaka. Nawe mwenyewe ukiona madonge ya majani yaliyotafunwa nusu yameanguka chini, au nyuzi ndefu katika mavi, usingoje mwaka uishe. Chakula kipya kianze kidogo kidogo, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Mabua yachanganywe na majani mabichi. Penye mchanga, tumia hori. Fagia plastiki na kamba uani, wala usimwachilie punda majalalani. Dawa ya minyoo itolewe kwa shauri la daktari, maana mwana-punda mwenye minyoo mingi akipewa dawa kali, minyoo hufa kwa wingi pamoja na kuuziba utumbo ule ule uliokusudiwa kuokolewa.

Mwisho, kila asubuhi kabla ya kumtandika sogi, tazama mambo matatu: Je, amekula? Je, amekunywa? Je, ametoa mavi? Kazi hiyo haina gharama, wala haichukui muda mrefu kuliko kukaza kamba za mzigo. Punda hana kinywa cha kusema kwamba tumbo lamsokota. Mavi yake ya usiku ndiyo maneno yake, na mwenye kuyasoma kila siku atajua mapema siku ya kumpumzisha.