Cheti cha Mama ni Somo la Historia

Mtoto wa darasa la tatu hapa Bariadi akipewa cheti cha kuzaliwa cha mama yake, huenda akadhani kina kosa. Yeye anajua kuwa Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Cheti kinasema Shinyanga. Mzazi mwenye haraka hujibu, "Ilikuwa zamani," yakaishia hapo. Mwenye subira atamwuliza: cheti kilitolewa mwaka gani? Na Simiyu ilianza lini? Mtoto akifahamu kwamba mkoa huu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, atatambua mwenyewe kuwa mama hakuhama. Mipaka ndiyo iliyobadilika.

Tangu Januari 2024, mtaala mpya umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia darasa la tatu. Ni jambo la kushukuru. Hofu yangu ni kwamba kitabu kikiachwa peke yake, watoto watakariri majina na miaka kwa ajili ya mtihani, wasijue kuwa kila habari ina mahali ilikotoka. Sisi Waislamu hatuna udhuru katika hili. Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea neno bila kuuliza limepokewa kwa nani, na huyo naye ni mtu wa namna gani.

Tazama Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kiblani mwake mna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mna pia maandishi mengine ya mwaka 1184 Hijria, takriban 1770, ya wakati wa ukarabati. Picha ya ukuta huo yatosha kipindi kizima: kwa nini jengo moja lina miaka miwili? Lipi ni la kale, lipi liliongezwa? Mwanafunzi wa madrasa anazijua herufi za Kiarabu tayari, ingawa Kikufi kitamtoa jasho.

Ushahidi mwingine umo masandukuni mwetu. Shilingi ya kikoloni yenye simba, ikiwa ni ya miaka ya mwanzo ya Mfalme George wa Sita, humtaja kwa Kilatini kuwa mfalme na pia kaisari wa India. Za miaka yake ya mwisho haziitaji India, kwa kuwa ilijitawala mwaka 1947. Habari ya Delhi imo katika sarafu ya bibi wa Kisukuma!

Lakini mchwa hawangoji mtaala. Risiti za pamba za ushirika, barua, na madaftari ya michango ya ujenzi wa misikiti, yanayoonyesha nani alitoa mbuzi na nani alitoa siku ya kufyatua matofali, vinaoza au vinawashiwa moto wa jikoni. Hati halisi ibaki nyumbani. Mtoto apeleke shuleni kivuli chake. Mzee akisimulia kwa Kisukuma, arekodiwe kwa Kisukuma hicho hicho kwanza, tafsiri ifuate baadaye, na jina lake, mahali na tarehe viandikwe siku ile ile.