Matangazo ya Biashara na Uchache wa Nyimbo katika Redio za Marekani

Neno "matangazo" lina kazi mbili katika Kiswahili: hutaja vipindi vyote virushwavyo na redio, na hutaja pia maneno ya mwenye bidhaa aliyelipia nafasi yake. Kwa stesheni za muziki za Marekani utata huo si kasoro, kwani kazi hizo mbili hazitengani. Msikilizaji halipi kitu. Alipaye ni mfanyabiashara, na anunuacho si wimbo bali sikio la asikilizaye.

Wengi hudhani kwamba wingi wa matangazo ya biashara ndio unaosababisha nyimbo zile zile kurudiwa. Hesabu haikubali. Saa moja yenye dakika 16 za biashara na dakika 2 za maneno ya mtangazaji hubakiza dakika 42, yaani nyimbo 12 za dakika tatu na nusu. Biashara ikipunguzwa hadi dakika 9, nyimbo huwa 14. Hizo mbili zilizozidi zaweza kuwa ngeni, au zikawa zile zile za asubuhi.

Kifupishacho orodha ni hofu. Todd Storz, wa stesheni ya KOWH mjini Omaha, alikuwa miongoni mwa walioeneza mtindo wa "Nyimbo 40 Bora" katika miaka ya 1950. Yasimuliwa kwamba aliona wateja wa mkahawa wakitia senti katika mashine ya santuri, wakichagua nyimbo chache zile zile kutwa. Basi kila afunguaye redio kwa kitambo kidogo hana budi kukuta wimbo aupendao, la sivyo atahama, na sikio lililouzwa litapotea. Mwenye kusikiliza siku nzima hakuhesabiwa sana. Naye ndiye alalamikaye.

Hadi mwaka 1981 tume ya serikali ilikuwa na kipimo cha dakika 18 za biashara kwa saa; kikafutwa. Sheria ya 1996 ikaondoa kikomo cha stesheni ambazo kampuni moja yaweza kumiliki nchini kote, na Clear Channel ikapata zaidi ya elfu moja. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza dakika za biashara, huku ikiwahimiza wateja wake watumie matangazo ya nusu dakika badala ya dakika nzima. Lakini msikilizaji huhesabu matangazo, hahesabu dakika.

Mtindo wa Jack, ulioingia Vancouver, Kanada, mwaka 2002, ulishika njia nyingine: orodha ndefu ya nyimbo zilizochanganywa, bila watangazaji. Tarehe 3 Juni 2005 stesheni ya WCBS-FM ya New York iliacha nyimbo za zamani ikaufuata. Wasikilizaji wake walilalamika sana, kwani pamoja na nyimbo walizozizoea walipoteza pia sauti walizozijua. Tarehe 12 Julai 2007 stesheni ikarudia nyimbo zake za kale.