Ukubwa wa Kutu Majini

Maji ya kisima kirefu yenye chuma hutoka yakiwa maangavu. Yakilala kwenye ndoo, asubuhi huwa na rangi ya chai na tope la kahawia chini. Fundi husema mabomba yameoza. Mabomba ya plastiki, kwa bahati mbaya ya fundi, hayashiki kutu. Chuma kilikuwemo tangu ardhini, kimeyeyuka kwa kukosa oksijeni. Kikikutana na hewa hugeuka oksidi isiyoyeyuka. Kasi yake hutegemea uchachu wa maji: pH ikipanda kwa namba moja, huongezeka takriban mara mia.

Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu, kazi ni kuondoa tope katika maji ya mto unaoanzia Uluguru kabla hayajapelekwa Dar es Salaam. Tope la mto au la kisima, sheria ni moja: chembe ikiongezeka kipenyo mara kumi, uzito wa ujazo wake usipobadilika, hutuama mara mia haraka zaidi. Ndiyo maana ukubwa hupimwa. Ugumu ni kujua ukubwa wa kitu gani.

Oksidi changa, ferihaidraiti, ni chembe za nanomita chache. Milimita moja ina nanomita milioni. Baadaye hugeuka goethaiti au hematiti kwa njia mbili: atomu huongezeka mojamoja, au chembe nzima huungana. Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliziona kwa hadubini ya elektroni zikijizungusha ndani ya maji hadi safu za atomu zilingane, kisha zikarukiana na kushikana.

Vipimo navyo havisemi lugha moja. Eksirei hupima fuwele: mistari yake ikiwa mipana, fuwele ni ndogo, kwa kanuni ya Scherrer ya 1918. Mtawanyiko wa mwanga hupima bonge zima la chembe zilizoshikana. Hadubini ya kawaida hutaka sampuli kavu, na kukausha kwenyewe hugandanisha chembe. Picha hutoka nzuri sana, ya kitu ambacho huenda hakikuwemo majini. Dawa yake ni kuigandisha sampuli ghafla kwa baridi kali.

Kwa hiyo ripoti inayotaja ukubwa bila kutaja kipimo ni nusu ripoti. Anayechunguza madini apime fuwele. Anayesafisha maji apime bonge, kwa kuwa ndilo linalotuama na ndilo linaloziba kichujio.