Waliopigwa mara 121

Jumanne jioni, Septemba 24, 2024, mashabiki wa Chicago White Sox walikwenda uwanjani kuiona timu yao ikipigwa. Hawakuwa wasaliti. Siku mbili kabla, huko San Diego, timu ilipoteza mechi ya 120 ya msimu na kuifikia New York Mets ya mwaka 1962, ambayo kwa zaidi ya miaka 60 ilishika peke yake rekodi ya kupoteza mechi nyingi kuliko timu yoyote ya besiboli ya zama hizi. Kilibaki kichapo kimoja, na mashabiki walitaka kukishuhudia kwa macho yao. Aliyekesha matangani tangu usiku wa kwanza haondoki asubuhi ya mazishi.

Timu ikawanyima hata hilo. Ilipata pointi tatu katika raundi ya nane ikawafunga Los Angeles Angels 3-2. Jumatano ikashinda 4-3 baada ya mechi kwenda hadi raundi ya kumi. Alhamisi ikashinda 7-0. Jukwaani watu walishangilia, wakajicheka, kisha wakaendelea kuimba wakimtaka mmiliki aiuze timu.

Kwa msomaji aliyezoea soka, namba 121 inahitaji kupimwa kwa kipimo cha nyumbani. Timu ya Ligi Kuu Tanzania Bara hucheza mechi 30 kwa msimu. Ili ifikie vichapo 121 ingebidi ipoteze kila mechi kwa misimu minne mfululizo, bila hata sare, kisha ifungue msimu wa tano kwa kufungwa. White Sox waliyamaliza yote hayo kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba.

Besiboli ya kulipwa ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga na kuzunguka vituo vinne. Akirudi alikoanzia salama, timu yake imepata pointi. Raundi ni tisa, na sare haipo: wakifungana, wanaongeza raundi mpaka mmoja alale. Mechi huchezwa karibu kila siku. Aliyepigwa Jumamosi usiku anarudi uwanjani Jumapili mchana, mara nyingi kukutana na yule yule aliyempiga jana.

Kwa hiyo katika mchezo huu kupoteza si ajabu. Los Angeles Dodgers, waliotwaa ubingwa mwaka huo huo wa 2024, walipoteza mechi 64. Ratiba ndefu namna hii inafuta bahati. Timu mbovu inaweza kubahatisha wiki mbili au hata mwezi, lakini mechi 162 humwanika kila mtu kama dagaa juani.

White Sox walianza kuanikwa siku ya kwanza. Machi 28, nyumbani, walifungwa 1-0 na Detroit Tigers. Kijana wao Garrett Crochet alirusha vizuri kwa raundi sita, lakini wapigaji wakashindwa kumtafutia hata pointi moja. Mechi hiyo ilikuwa muhtasari wa msimu mzima. Baada ya mechi 25 walikuwa wameshinda 3 tu. Mwisho wa msimu walikuwa na pointi 507 za kufunga, chache kuliko timu zote 30 za ligi, na walikuwa wamefungwa 813.

Kisha ukaja mwezi wa Julai. Tangu tarehe 10 mpaka Agosti 5 walipoteza mechi 21 mfululizo, wakaifikia rekodi ya Baltimore Orioles ya 1988, mbaya kuliko zote katika upande wao wa ligi uitwao American League. Wazee wa Chicago wanajua kejeli iliyomo humo. Orioles wale walianza msimu kwa vichapo 21, na waliowapa ushindi wao wa kwanza, 9-0, walikuwa White Sox hawa hawa.

Katikati ya mkosi huo, Julai 25, habari zikatoka Washington kwamba mrushaji wa San Diego Padres, Dylan Cease, amemaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kupiga mpira salama, jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulionja. Hadi Machi ya mwaka huo Cease alikuwa mali ya White Sox. Walimuuza wiki chache kabla ya msimu kuanza.

Mkosi ulikatika Agosti 6 mjini Oakland, kwa ushindi wa 5-1. Siku mbili baadaye kibarua cha kocha Pedro Grifol kikaota nyasi. Msimu huo alikuwa ameshinda mechi 28 na kupoteza 89. Nafasi yake ikashikwa kwa muda na Grady Sizemore, mchezaji wa zamani, aliyeongeza ushindi 13 na vichapo 32.

Kumtimua kocha ni desturi ya michezo duniani kote. Ila kocha huyu alikabidhiwa sufuria tupu akaambiwa apike pilau. Ukitaka kujua nani alimaliza mchele, rudi nyuma hadi Desemba 2016, timu ilipomuuza Boston mrushaji wake nyota, Chris Sale, ikawaambia mashabiki wavumilie. Wangekusanya vijana, wangepigwa kwa miaka michache, kisha utawala wao ungedumu. Mashabiki wakavumilia. Mavuno yakawa kufuzu mtoano mara mbili, 2020 na 2021, bila kuvuka raundi hata moja. Mwaka 2022 walishinda mechi 81 na kupoteza 81. Mwaka 2023 walipoteza 101, na Agosti ya mwaka huo viongozi wawili wakuu wa masuala ya wachezaji, Ken Williams na Rick Hahn, wakaondolewa. Nafasi yao akapewa Chris Getz, naye akitoka ndani ya nyumba ile ile.

Aliyebaki wakati wote huo ni Jerry Reinsdorf. Aliongoza kundi lililoinunua timu mwaka 1981, na ndiye aliyekuwa bosi wa Chicago Bulls enzi za Michael Jordan. Haki yake apewe: mwaka 2005 White Sox walitwaa ubingwa wa World Series kwa kuifunga Houston 4-0, baada ya ukame wa miaka 88. Lakini hapa ndipo besiboli ya Marekani inapoachana na soka letu. Ligi hii haina kushuka daraja. Timu ikipoteza mechi 121, msimu ujao inaanza pale pale, katika ligi ile ile, na mgawo ule ule wa fedha za televisheni. Kwetu timu mbovu hushuka, na mwenye timu huhisi maumivu mfukoni kabla hayajafika moyoni. Chicago aibu haikuwa na njia ya kupanda hadi ofisini. Ilibaki chini, kwa mchezaji anayezomewa na shabiki aliyelipa kiingilio.

Hata kifuta jasho walichokitegemea hakikuja. Ligi huzipa timu dhaifu nafasi ya mbele katika kuchagua vijana wapya, kwa njia ya bahati nasibu. Lakini kanuni inazizuia timu za miji tajiri kupata nafasi hizo za juu miaka miwili mfululizo, na Chicago ni mji tajiri. Timu iliyopigwa kuliko zote ikachagua ya kumi.

Kichapo cha 121 kilikuja Ijumaa, Septemba 27, mjini Detroit, kwa 4-1. Waliowapiga ni Tigers wale wale waliowafunga siku ya ufunguzi. Jioni hiyo uwanja mzima ulikuwa unasherehekea, ila si kwa ajili ya rekodi ya wageni. Kwa ushindi huo Tigers walikuwa wamefuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Na Tigers hawakuwa na sababu ya kumcheka mtu. Mwaka 2003 wao wenyewe walipoteza mechi 119, na miaka mitatu baadaye walikuwa fainali. Mets wa 1962 nao walikuwa mabingwa mwaka 1969. Aliyelala chini haogopi kuanguka.

Kwa White Sox, kuinuka kumekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Desemba 2024 walimuuza Crochet, aliyekuwa amewatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira, na aliyemchukua ni Boston tena, kama ilivyokuwa kwa Sale miaka minane nyuma. Msimu wa 2025, chini ya kocha Will Venable, walipoteza mechi 102, na watu wakapumua. Furaha kubwa ya mwaka huo haikutoka hata uwanjani. Mei 8 kardinali mzaliwa wa Chicago, Robert Prevost, alichaguliwa kuwa Papa Leo XIV, na ndugu yake akathibitisha kwamba ni shabiki wa White Sox. Picha za televisheni za mwaka 2005 zilimwonyesha jukwaani, kwenye mechi ya kwanza ya fainali. Anayefundisha uvumilivu alikuwa ameshapita shule yake.

Lakini turudi Detroit, maana msimu haukwisha Ijumaa ile. Kulikuwa na mechi Jumamosi na nyingine Jumapili. Rekodi imeshavunjwa, magazeti yameshaandika, na kila mchezaji ana tiketi ya kurudi kwao. Hakuna ambaye angewalaumu kwa kuzicheza kwa kukamilisha ratiba. Jumamosi wakashinda 4-0. Jumapili wakashinda 9-5.

Ushindi huo haukuwapandisha nafasi hata moja. Ila fanya hesabu. Wangepoteza zote mbili wangemaliza na ushindi 39 na vichapo 123. Walimaliza na ushindi 41. Mets wa 1962 walishinda 40 na kupoteza 120, hivyo kwa asilimia ya ushindi Mets ndio wanaobaki chini. White Sox wamechukua rekodi ya vichapo, lakini chini ya Mets hawako. Waliokolewa na mechi mbili zilizosemwa hazina maana, zikachezwa na watu ambao tayari walikuwa wamepoteza kila kitu, mbele ya mashabiki wa timu nyingine.