Kupima Jibu Katika Mtihani wa Hesabu

Mwanafunzi ajuaye sana kuzidisha aweza kukosa alama kwa haraka yake tu. Aulizwa 23 mara 14. Katika karatasi ya kando apata 322, lakini anaponakili aandika 232. Msahihishaji hana njia ya kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Huona yaliyoandikwa, naye hulikata jibu.

Kulisoma tena mara moja mara nyingi hakutoshi, maana jicho la mwandishi huona alilokusudia. Afadhali alipime kwa njia nyingine. Iko njia ya kale ya kutoa tisa: 2 na 3 ni 5, 1 na 4 ni 5, 5 mara 5 ni 25, na 2 na 5 ni 7. Tarakimu za 322 zikijumlishwa ni 7 vilevile. Zimepatana. Lakini angalia! Hata 232 hupatana, kwa kuwa tarakimu ni zile zile, zimebadilishana mahali tu. Hapo makisio hufaa zaidi: 20 mara 14 ni 280, na 23 ni zaidi ya 20, basi 232 haliwezi kuwa jibu. Kazi hiyo haimalizi dakika moja.