Njia mbili za maji nyumbani

Kila asubuhi twafungua robine, twajaza sufuria, twafunga, kisha twaenda kazini. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza: maji haya yamefikaje hapa, nayo yatakwenda wapi yakiisha kutumika? Yafaa baba na mama wa nyumba walijue jambo hili, na wanafunzi vilevile, kwa maana kutojua kwaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Maji hayapandi yenyewe. Ndiyo sababu tangi kubwa hujengwa kilimani au juu ya mnara. Mashine huyapandisha maji mpaka humo, kisha uzito wake huyasukuma ndani ya mabomba. Kila meta 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimeta mraba. Basi, tangi likiwa meta 20 juu ya robine, maji hutoka kwa nguvu; bali katika orofa iliyokaribia kimo cha tangi, hutoka kwa unyonge.

Hiyo ndiyo njia ya kuingia. Njia ya kutoka ni nyingine. Maji machafu hayasukumwi na tangi, huteremka tu. Kwa hiyo bomba lake ni pana, tena huwekwa likiinama kidogo. Tazameni chini ya beseni ya kunawia: bomba limekunjwa. Je, fundi amekosea? Hata kidogo! Katika mkunjo ule maji hubaki daima, nayo ni kama mlango uzuiao harufu mbaya na wadudu. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, aliandikisha choo chenye mkunjo wa namna hiyo mwaka wa 1775. Na lile bomba litokezalo juu ya paa huingiza hewa, ili maji yanayoporomoka yasifyonze yale ya mkunjo.

Sheria kubwa ni hii: njia hizo mbili zisikutane kamwe. Mwaka wa 1933, katika hoteli mbili za Chicago, Marekani, maji machafu yaliingia katika maji ya kunywa, kwa kuwa mabomba yaliunganishwa vibaya na mengine yalivuja. Watu zaidi ya 1,000 walipata ugonjwa wa kuhara damu, na 98 wakafa. Wageni wale walikunywa maji yaliyoonekana safi.

Na kwetu je? Hatari ni pale maji yanapokatika. Bomba linaloisha maji hufyonza, kama mtoto anyonyaye kwa mrija. Mpira wa maji ukiachwa umetumbukia katika ndoo ya nguo chafu, uchafu ule hurudi bombani. Bomba lililotoboka ndani ya mtaro hunywa maji ya mtaro. Maji yarudipo, anayeyanywa huenda akawa mtoto wa jirani.

Basi tushike haya. Tusiache mpira ndani ya ndoo. Bomba la maji ya kunywa lisipite mtaroni, na likivuja, fundi aitwe siku ileile. Maji yarudipo baada ya kukatika, yale ya kwanza tuyakinge kwa kuoshea sakafu. Ya kunywa tuyachemshe mpaka yatokote.

Fundi hujenga njia mbili. Kuzitenga siku zote ni kazi yetu wenye nyumba.