Nyasi za Karagwe Zina Wenyewe

Mnyambo wa wilaya ya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, akikuonyesha kwake, huanza na kibanja: migomba na kahawa iliyoizunguka nyumba, ardhi ya ukoo, mahali walipozikwa wazee. Lakini toka nje ya migomba, panda kilima, utaingia kwenye rweya, uwanda wa nyasi, na huko ndiko kibanja kinakopata chakula chake. Ng'ombe hushinda rweyani, jioni hurudi, na samadi yao huishia kwenye mashina ya migomba. Nyasi nazo hufyekwa, hufungwa matita, hubebwa kichwani hadi nyumbani na kutandazwa shambani ili udongo usikauke kiangazi cha Juni hadi Agosti. Migomba tunayoisifu imelishwa na kilima kizazi baada ya kizazi, na kilima hakirudishiwi kitu.

Ndiyo maana inaniuma kusikia rweya ikiitwa pori tupu. Nyumba ya msonge iliezekwa kwa nyasi kuanzia kilele hadi karibu kugusa ardhi, na sakafu ikatandikwa nyasi. Zikichakaa, zilitolewa na kuwekwa mpya kabla mgeni hajakaribishwa. Mwezekaji alizijua nyasi zake. Alitaka ndefu, zenye bua gumu, zilizokomaa na kukauka, kwa hiyo alikata wakati mbegu zimekwisha kupukutika na mmea umejipanda wenyewe. Mtu mwenye nyumba ya kuezeka hakukubali kilima kichomwe ovyo. Mabati yameleta nafuu kubwa, sina ugomvi nayo, ila yaliondoa jicho lililokuwa likizilinda nyasi.

Kwa wafugaji uhusiano na nyasi ni wa ndani zaidi. Ng'ambo ya mpaka, Ankole nchini Uganda, ambako lugha na desturi zinakaribiana sana na za Wanyambo, chombo cha maziwa cha mti huoshwa, kisha hufukizwa: nyasi ziitwazo emburara huchomwa taratibu, na chombo huinamishwa juu ya moshi mpaka ndani kinukie. Maziwa yakimiminwa humo huchukua harufu ile, na mnywaji hutambua mara moja yaliyokosa kufukizwa. Emburara hiyohiyo ndiyo malisho mazuri ya ng'ombe wa pembe ndefu. Malisho yakielemewa, hupungua, na mahali pake hushikwa na omutete, nyasi yenye harufu kali ambayo ng'ombe huiruka. Mchungaji huona kilima cha kijani, naye anajua mifugo yake italala njaa.

Karagwe imewahi kupoteza malisho. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipopokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, waliukuta ufalme wenye ng'ombe wengi. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafagia mifugo. Palipokosa ng'ombe vichaka viliota, mbung'o wakaingia, na kibanja nacho kikakosa samadi.

Kurudisha nyasi za asili si kazi ya kununua miche. Palipochungwa kupita kiasi lakini hapajalimwa, mizizi mingi bado iko hai ardhini. Kinachotakiwa ni kupumzisha kipande kimoja huku mifugo ikila kingine, kuchoma mapema moto usiwe mkali, na kuacha mbegu zianguke kabla ya kufyeka. Wasukuma wa Shinyanga wanaifahamu desturi ya kupumzisha malisho kwa jina la ngitili, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu yake. Palipopigwa jembe habari ni nyingine: nyasi za kale kama Themeda huchukua miaka mingi sana kurudi, pengine zisirudi kabisa bila kupandwa.

Miti nayo ina mahali pake. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora wa shirika la Vi Agroforestry umewasaidia wakulima wa Karagwe na Kyerwa kupanda miti kwenye mashamba yao, na huko inafaa. Kosa ni kuisogeza mikaratusi na misonobari hadi kwenye rweya nzima kwa kudhani kwamba kilima kisicho na miti kimeharibika. Kivuli chake huua nyasi zilizozoea jua, na zikifa, ng'ombe na migomba hubaki bila riziki yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji, kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano wao mkuu, uwezo wa kuamua ardhi yao itumikeje. Basi siku ya kupanga matumizi ya ardhi, waiteni wafugaji na akina mama wanaofyeka nyasi, waonyeshe wenyewe ni kilima kipi kipumzishwe na kipi kisilimwe. Iandikeni rweya katika mpango kuwa ardhi ya nyasi, pamoja na masharti ya kuchoma, kuchunga na kufyeka, kabla hakijagawiwa kipande kingine.